Nilimwambia Arudie kwa Uchungu Zaidi

Mshauri wangu mpendwa,

Salamu nazifupisha, maana kila nikianza na salamu naishia hapo hapo na karatasi naikunja, naomba tu unisaidie, mimi ni mwanamke mtu mzima mwenye kazi yangu na akili zangu timamu lakini kwa hili nimekwama, chakula hakipiti, na hakuna mtu nyumbani wala kazini ninayeweza kumwambia bila kuambiwa kwamba nakuza mambo.

Mimi ni fundi sauti. Nina studio ndogo ya kurekodi muziki, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri nilichokigawa kwa kioo, kuta nimezibandika trei za mayai na magodoro ya zamani ili mwangwi usitusumbue, na tukiwa tunarekodi lazima nizime feni kwa sababu mlio wake unaingia kwenye maiki, kwa hiyo mwimbaji anaimba jasho likimtoka kama mtu anayepakua magunia, na mimi niko upande wa pili wa kioo nimevaa hedifoni namwambia bado, rudia. Hiyo ndiyo kazi yangu mshauri, kusema rudia. Mtu akimaliza kuimba nakaa peke yangu na kompyuta naisafisha sauti yake, naondoa pale alipohema, alipokohoa, kiti kilipolia, alipozungumza katikati, mpaka unabaki wimbo mtupu, na najisifu kwamba kwa kusafisha sauti hakuna wa kunifikia mjini hapa.

Sasa kuna bendi moja ya vijana watatu wanapiga roki, ule muziki ambao jirani akiusikia anatoka nje kuangalia nini kimeanguka, na mwimbaji wao ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, tumelelewa nyumba moja na tumekula sahani moja, na utani wetu ni ule wa kuchambana mpaka mgeni anataka kutuamulia. Watu wanamwita Zege kwa sababu sauti yake inakwaruza kama kokoto zikikorogwa na saruji. Mchana ni fundi friji, tena fundi wa kweli, alikuwa hawezi kukubali friji ya mtu ilale kwake wikiendi nzima eti kwa sababu chakula cha watu kitaoza, jioni ndiyo anashika gitaa.

Nyimbo zake tangu mwanzo zilikuwa za huzuni na sisi tulizipenda hivyo hivyo, lakini hizi za karibuni mshauri, sijui nisemeje. Huu tunaotaka kuutoa unaanza hivi:

Nilipiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe,
hakuna aliyeitika.
Nikaingia ndani, nilikuwepo,
hata mimi sikujikaribisha.

Halafu kiitikio ni mistari miwili tu, anaipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama:

Zimeni taa, msinisubiri,
zimeni taa, njia nimeisahau.

Tuliujaribu mbele ya watu kwenye tamasha moja la mchana, na mara ya pili kiitikio kilipofika ukumbi mzima ulikuwa umeshakishika, watu mikono juu, wanaruka, wanaimba msinisubiri, msinisubiri, hadi kuna dada mmoja alipoteza kiatu na hakukitafuta, mpiga drams akanigeukia na meno yote nje, na mimi kule kwenye mitambo nywele zilinisimama kwa raha. Zege peke yake ndiye aliyeacha kuimba. Alisimama tu akiwaangalia, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alikuja kuchukua nini, na mimi nikasema moyoni, msanii huyu, anajua kuwaachia watu wimbo.

Siku ya kurekodi ndiyo inayonisumbua. Aliimba mara ya kwanza vizuri tu, mimi nikamwambia kwa kispika kidogo kinachompelekea sauti yangu kule ndani, "Zege, nzuri, lakini rudia, nataka uchungu zaidi." Akarudia. Nikamwambia, "Bado, unaimba kama unaagiza soda, weka uchungu." Akarudia tena, na mshauri, alipofika "njia nimeisahau" sauti ilipasuka katikati, ilipasuka vile ambavyo fundi sauti anaiota maisha yake yote, nikapiga meza kwa furaha nikapiga kelele, "Hiyo hiyo! Usiipoteze hiyo hali, rudia tuihakikishe!" Akarudia, na wimbo ulipoisha hakutoka, alibaki amesimama mbele ya maiki analia. Si kwikwi, machozi tu na pumzi. Halafu akasema, "Nimechoka, binamu. Sisemi kuimba." Nami, na hapa nakuomba usinihukumu haraka, nikamwambia kunywa maji basi, chupa iko hapo chini.

Siku iliyofuata nikakaa na kompyuta kama kawaida yangu nikaisafisha. Nilikata kile kilio. Nilikata na yale maneno. Niliyasikia vizuri kwenye hedifoni masikio yote mawili na bado nikayakata, kwa sababu yalikuwa yanaingia kwenye mlio wa mwisho wa gitaa na nilitaka gitaa lififie peke yake. Ndipo nilipomaliza, nikausikiliza wimbo umetulia hivyo, msafi, hauna hata pumzi moja, nikaanza kutetemeka, na tangu hapo sijatulia.

Kwa sababu nilianza kukumbuka mengine. Wiki iliyopita alipita studio nikamchokoza kama siku zote, nikamwambia, "Wewe Zege, bila wewe bendi hii ingekuwa mbali, unawaburuza nyuma kama tela lenye pancha." Kwa kawaida angenijibu kwamba kwa masikio haya niliyonayo sihitaji maiki, au angemtaja yule mchumba wangu wa zamani aliyekuwa anakoroma hadi paka wanahama. Akasema, "Kweli." Basi. Nikacheka nikidhani linakuja jibu, jibu halikuja. Siku hiyo hiyo aliniachia gitaa lake la umeme, lile ambalo alikuwa haruhusu mtu hata kulifuta vumbi, akaniambia, "Kaa nalo binamu, kwangu linajaza chumba tu." Na mimi nilifurahi! Nililipigapiga pale pale mbele yake.

Juzi nilikwenda kwake. Anaishi chumba kimoja chenye baraza, na barazani friji za wateja zimepanga foleni, milango wazi, hazijaguswa, kuna mama mmoja nilimkuta anaulizia yake akasema anakuja kila siku na fundi haitiki. Niligonga, akafungua kidogo, pazia limeshushwa mchana kweupe, akaniambia ana usingizi. Nikamwambia haya lala, wimbo umetoka safi sana, utaupenda. Akaitikia kwa kichwa akafunga mlango, na mimi nikarudi zangu na mdomo wangu.

Niliowaambia ni hawa. Mpiga drams alinijibu, "Sasa roki unataka iimbe nini, harusi?" Mpiga besi akasema, "Usimguse mwenzio, utamzimia moto, huyo akiwa na furaha hatuna bendi." Shangazi yangu, yaani mama yake, anasema mwanaye anaringa, sifa zimempanda kichwani ndiyo maana hapokei simu, na kwamba yeye anamwombea, hayo mengine tumwachie Mungu. Ninaogopa kumuuliza mwenyewe, mshauri, ninaogopa sana, kwanza labda ni sanaa tu na nitakuwa nimemdhalilisha, maana mtu mmoja aliwahi kumuuliza kama nyimbo zake ni za kweli akawaka, akasema mtu akiimba mapenzi mnacheza, akiimba maumivu mnataka cheti cha daktari. Pili naogopa huenda hana wazo lolote baya kichwani halafu mimi na kiherehere changu nikampandia. Na tatu, nalisema kwa aibu, wimbo huu ndio kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzigusa kwa mikono yangu, redio wanausubiri, bendi wanausubiri, na kila nikiusikiliza nasikia uzuri kwanza ndipo nasikia hofu.

Kwa hiyo naomba uniambie, niutoe wimbo au niuzuie? Na nikiuzuia niwaambie nini wenzake? Namba yangu ya simu nimeiandika chini, tafadhali usiichapishe.

Ni mimi,
Fundi wa Kusema Rudia

*

Mwanangu Fundi,

Barua yako niliifungua asubuhi nikiwa na kikombe cha chai, na chai ile sikuimaliza.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnajua barua zenu hukaa foleni. Anayegombana na mama mkwe anasubiri, aliyeibiwa mchumba anasubiri, wengine mpaka zamu yao inafika wameshapatana na kupeana watoto majina. Hii haikusubiri. Fundi, wewe unakumbuka nilivyokupigia. Ulipokea ukanong'ona, "Samahani, naomba nikupigie baadaye, nina mteja kwenye maiki." Nikakuambia mteja wako na akae. Nilikuwa mkali, na ukali ule siuombei radhi, ila leo nataka nikueleze ulitoka wapi, kwa sababu kuna wengi nyumbani kwao wana Zege wao.

Umeniuliza utoe wimbo au uuzuie. Mwanangu! Nyumba inaungua, wewe unauliza pazia tulifue au tulipige pasi? Umenieleza trei za mayai, umenieleza feni, umenieleza gitaa lififie vipi, na sijaona popote ulipomuuliza huyo mtoto wa shangazi yako leo amekula nini. Nimelisema hilo mara moja na sitalirudia, maana barua yako imejaa mistari uliyofuta ukaandika upya. Pole. Nasema pole kwa dhati. Kumwambia arudie hukumfanyia ubaya, ndivyo mkate wako unavyopatikana, na mtu akishinda mwaka baada ya mwaka anasikiliza sauti za watu ili azinyooshe, siku moja atazinyoosha hata pale ambapo mtu ameomba msaada. Jambo la kushukuru ni kwamba ulitetemeka. Wenzako wawili waliusikia wimbo ule ule, na wao walicheka.

Sasa nisikilize vizuri. Si maneno ya wimbo yaliyonitoa kwenye kiti. Mimi roki siielewi, kwangu ni kama mtu anaburuza mabati barabarani, lakini sitamruhusu mtu yeyote atumie barua hii kuwanyang'anya watoto wake redio. Kuimba huzuni si ugonjwa. Wako watu wengi wamevuka mwaka mbaya kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine, mahali fulani, aliyeyapigia gitaa yale waliyoshindwa kuyasema. Zege ana haki ya kuimba mlango usioitikiwa, na alimjibu sawasawa yule aliyetaka cheti.

Kilichonishtua ni "kweli." Mtu uliyechambana naye tangu mnagombania kijiko, unamwambia yeye ni mzigo, naye anakubali bila hata kukutukana masikio! Hapo nilisimama. Halafu gitaa. Mtu anayegawa kitu alichokuwa hataki kiguswe, bila sababu, bila sherehe, usimshukuru ukaondoka. Muulize kwa nini. Halafu zile friji barazani, kazi aliyokuwa akiionea uchungu kwa ajili ya chakula cha watu, leo haimgusi. Na pazia, na simu isiyopokelewa, na "nimechoka, sisemi kuimba." Mwanangu, hayo hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji mtu ayaweke pamoja mahali pamoja, na wewe uliyaweka pamoja, kwenye barua, ukaniletea mimi nisiyemjua badala ya kumpelekea yeye.

Ndiyo maana nilikuambia uende siku ile ile, mchana ule ule, na usiende na wimbo. Ukaniuliza, "Nitaanzaje, sisi tumezoea kutaniana?" Nikakuambia leo usitanie. Kaa ubavuni kwake, usikae mbele yake kama karani, na umuulize kwa maneno yenyewe, usizungukezunguke: unafikiria kujiua? Nilisikia ulivyovuta pumzi. Ukasema, "Mshauri, siwezi kulitamka." Unaweza. Mdomo ule ule uliosema weka uchungu unaweza kusema na hilo.

Na ile hofu yako ya kumpandia wazo, iache, na yeyote mwenye hofu hiyo aiache. Kuuliza hakupandi kitu. Asiye na wazo hilo atakushangaa, atakuita mwendawazimu, mtacheka, na wewe utarudi nyumbani na aibu kidogo ambayo haijawahi kumuua mtu. Aliye nalo amelibeba peke yake muda mrefu, na swali lako ni mkono wa pili kwenye mzigo. Ukaniuliza tena, "Akisema ndiyo, nimwambie nini?" Nikakuambia usimwambie kitu. Usimhubirie, usimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi, usimkumbushe mama yake atalia. Kaa hapo. Ukishakaa, muulize kama ameshapanga namna, kama kuna kitu amekitenga, na kama kipo kiondoke chumbani humo pamoja nawe. Halafu usimwache peke yake hata kama ameahidi, umwite mtu mzima mmoja wa kukusaidia, na mwende hospitali, mapokezi mseme wazi kilichowaleta.

Ulinipigia jioni. Yaliyotokea nayaandika kwa ruhusa yako na kwa ruhusa yake, yeye mwenyewe alisema, "Aandike tu, labda kuna mwingine."

Ulimkuta amekaa juu ya kreti nyuma ya mlango, bisibisi mkononi, hakuna anachofungua. Ukakaa chini sakafuni kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Ukamuuliza, tena ulilitamka neno lenyewe, hongera sana. Akaendelea kuizungusha ile bisibisi mpaka ukadhani hakusikia. Halafu akasema, "Ndiyo." Ukabaki umekaa pale pale kama nilivyokuambia. Naye akasema, "Nilidhani mmeshasikia. Nimesema mbele ya watu wote, mkaimba pamoja nami. Nilidhani mmesikia mkaona sawa."

Nimekuwa na ukurasa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kuambiwa jambo lililonikaa kifuani kama hilo.

Basi mkalia, na kulia hakukuwa vibaya. Ukampigia shangazi yako, akaja mbio na viatu viwili tofauti miguuni, na nilipokuwa najiandaa kumsema sana mama huyo kwenye safu hii, ukaniambia alimshika mwanaye kichwa akarudia tu, "Nisamehe baba, nilidhani unaringa." Kwa hiyo simsemi, tena ndiye aliyewasindikiza hospitali, daktari akamwona Zege siku ile ile. Namwambia hivi kwa heshima: shangazi, endelea kuomba, na uombe ukiwa kwenye gari la kwenda hospitali. Sala na daktari hawajawahi kugombana, wanaogombana ni sisi. Jino likiuma unamtafuta daktari bila kuuliza ni majivuno au la. Moyo na akili vikiuma ni vile vile.

Ninyi wawili, wa drams na wa besi. Nilitaka kuwapa aya nzima ya viboko, nimeona haya kwa ajili yenu nikapunguza. Kijana wa besi, unasema akiwa na furaha hamna bendi. Na asipokuwepo je, mtakuwa nayo? Nendeni kwake. Msiende na gitaa wala habari za redio. Mmoja aondoe pazia, mwingine ashike bisibisi, mzitengeneze zile friji kadiri atakavyowaelekeza, na mkishindwa mzirudishe kwa wenyewe na mwombe radhi kwa yule mama. Mwenzenu hataki kupigiwa makofi sasa hivi, anataka watu chumbani.

Na wewe unayesoma hapa ukajiona wewe ndiye uliye nyuma ya pazia, si binamu wa mtu: usisubiri aje fundi sauti akugundue. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno yasiyo na kiitikio. Akikucheka mwambie wa pili. Au nenda moja kwa moja hospitali iliyo karibu, useme mapokezi, "Naogopa kujidhuru." Si aibu, wamelisikia kabla yako na watalisikia baada yako. Hali hiyo inatibika, na wengi waliopita hapo leo wanalalamikia umeme na bei ya vitu kama sisi wengine.

Nimebakiwa na swali lako la wimbo, nisije nikaambiwa nimelikwepa. Wimbo ni wake. Si wako ingawa umeusafisha, si wa redio, si wa wale walioruka ukumbini. Mpaka daktari na yeye mwenyewe waone amepata nguvu ya kuamua, faili hilo lilale. Redio waambie mwimbaji anaumwa, ndio ukweli, na hawana haki ya kujua zaidi. Siku atakayokaa kwenye kiti chako na kuusikiliza mwenyewe, ataamua autoe hivyo, aubadilishe, au autupe, na akiutupa usimlilie uzuri wake mbele yake. Lia nyumbani. Gitaa nalo limrudie, lakini usimsukumie. Mwambie liko salama na anaweza kulifuata wakati wowote.

Na wewe, mwanangu, uache kumlinda kama mlinzi wa benki. Gawaneni zamu, wewe, shangazi, wale wawili. Kula. Ukisikia umelemewa, yule daktari aliyempokea atakusikiliza na wewe pia, usijifanye chuma. Ipo siku atarudi kukutukana masikio, na ikichelewa usihesabu siku. Watu hupona polepole, wengine wanarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, na hiyo haina maana kwamba umeshindwa.

Jumatatu ana miadi ya pili kliniki. Umeniambia utampigia simu asubuhi kumkumbusha. Hapana. Simu tumeona haipokelewi. Nenda mwenyewe mlangoni kwake, mtoke pamoja, mkae wote kwenye lile benchi refu mpaka waite jina lake, hata kama foleni ni ya kutwa na mteja wako anakupigia simu kumi. Muuguzi akikuuliza wewe ni nani wake, usianze kueleza mambo ya shangazi na mjomba. Sema wewe ni ndugu yake, umekuja naye, na utaondoka naye.